Nipeni Mji: Kitendawili kama Shule ya Kiswahili katika Bonde la Chini la Ruvuma

Kujifunza lugha kwa maswali ya mashindano, ambako mjifunzaji huulizwa, hujibu, hupata alama anapopatia na hupoteza kitu anapokosea, huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni uvumbuzi wa simu ya mkononi. Programu zinazofundisha kwa njia hiyo zimeenea duniani tangu mwaka 2012, Duolingo ilipofunguliwa kwa umma, na Kiswahili kiliingizwa katika programu hiyo mwaka 2017. Hata hivyo, katika Kitaya na vijiji vingine vya kusini mwa Mtwara, pale Mto Ruvuma unapokaribia kumwaga maji yake baharini, utaratibu wa kuuliza, kushindana, kulipa na kufumbuliwa jibu ulikuwapo zamani katika umbo la kitendawili, nao ulichezwa mahali ambapo karibu kila mtoto alikua akisikia lugha zaidi ya moja. Makala haya yanadai kwamba kitendawili kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa shule za Kiswahili za kusini, pamoja na chuo cha Kurani, misheni, boma na darasa la serikali, na kwamba nguvu yake ilitoka katika kanuni ambayo programu za simu hazijaipata, nayo ni kanuni ya mji.

Kitaya ipo ukingo wa kaskazini wa Ruvuma, leo katika eneo la Halmashauri ya Mji wa Nanyamba mkoani Mtwara, na ng'ambo ya mto ni jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji. Mto huo haukuwa mpaka kwa watu waliolima mabonde yake pande zote mbili na kuoana kwa kuvuka kwa mtumbwi. Uligeuzwa mpaka kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886, na hata baada ya hapo mstari wenyewe haukutulia, kwa kuwa Wajerumani walijitwalia Kionga, kusini mwa mlango wa mto, mwaka 1894, na Wareno wakaichukua tena mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lugha hazikugawanyika kwa mstari huo. Chimakonde husemwa pande zote mbili kwa lahaja kadhaa, zikiwamo Chinnima ya uwanda wa juu wa Newala na Chimaraba ya nyanda za chini zinazoelekea pwani. Chiyao, Kimakua na Kimwera hukutana nacho katika masoko, ndoa na safari. Pwani ya Cabo Delgado kuna Kimwani, lugha iliyo jirani mno na Kiswahili. Na katika miji ya bahari kuanzia Kilwa kushuka kusini palikuwa na Kimgao, lahaja ya Kiswahili ya pwani hiyo. Mtoto wa bonde la chini la Ruvuma hakuwa na haja ya kusafiri mbali ili akutane na lugha ngeni, kwa kuwa lugha ngeni ilikuwa kwa mjomba, kwa muuza samaki au kwa mke mpya wa jirani.

Njia ambazo Kiswahili kilipitia kuingia bara la kusini zimeandikwa vya kutosha kwa upande wa zile zilizoacha karatasi. Mikindani, Sudi na Lindi ziliipokea misafara ya biashara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na ni Mikindani ambako David Livingstone alishuka mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho kwa kufuata Ruvuma kwenda bara. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, chini ya Askofu Edward Steere, walianzisha kituo cha Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na Steere huyohuyo, aliyekuwa ametoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alichapisha pia mikusanyo ya kwanza ya Chiyao mwaka 1871 na ya Chimakonde mwaka 1876, huku mwenzake Chauncy Maples akitoa ya Kimakua mwaka 1879. Boma la Wajerumani la Mikindani lilijengwa mwaka 1895, na utawala wake uliongea na maakida na majumbe kwa Kiswahili. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 tarika za Kadiriya na Shadhiliya zilieneza chuo cha Kurani vijijini, na mwalimu wa chuo, hata pale aliposomesha kwa Kiarabu, mara nyingi alieleza kwa Kiswahili. Hizi zote ni shule zenye mwalimu, na mwanahistoria huziona kwa urahisi kwa sababu mwalimu huacha daftari, barua au jengo. Kitendawili hakikuacha jengo, kwa hiyo lazima kisomwe kutoka ndani ya kanuni zake.

Kanuni hizo zinajulikana pwani nzima. Anayetaka kuuliza, yaani mtegaji, hutamka kwa sauti neno moja, "Kitendawili!", na waliokaa naye humjibu, "Tega!" Kabla ya jibu hilo hakuna swali, kwa maana mtegaji haruhusiwi kumshtukiza mtu, na aliyeitikia amekubali kushindana. Ndipo mtegaji hutoa fumbo lake, ambalo kwa kawaida ni sentensi fupi inayokitaja kitu kwa sura ya kitu kingine, na wasikilizaji hujaribu kulitegua mmoja baada ya mwingine. Atakayepatia huchukua zamu ya kutega. Wakishindwa wote, mtegaji husema, "Nipeni mji," nao huutaja mji wanaomkabidhi. Akiukataa, kwa kuuona mdogo au usio na faida, hutajiwa mwingine, mpaka aukubali. Akishaukubali huanza kueleza jinsi alivyokwenda katika mji huo, alivyopokewa, alichokula, aliyemkuta, na mwisho wa masimulizi hayo ndipo hutoa jibu la fumbo. Mchezo kwa desturi ulikuwa wa jioni, baada ya shamba na kabla ya hadithi, na wachezaji walikuwa watoto kwa watoto, au watoto na bibi au babu.

Mwenye kuusoma utaratibu huu kwa jicho la mwalimu wa lugha ataona kwamba umepangwa kwa ustadi mkubwa, ingawa hakuna aliyekaa kuupanga. Mwito na mwitikio vya mwanzo ni maneno mawili tu, yasiyobadilika, ambayo hata mgeni wa siku ya kwanza anaweza kuyatamka pamoja na wenzake bila kuona haya. Kwa hiyo kila mmoja, ajuaye na asiyejua, ana sehemu yake ya kusema. Fumbo lenyewe ni sentensi moja yenye sarufi kamili, inayorudiwa mara kadhaa wakati watu wanapofikiri, nayo marudio hayo hayachoshi kwa sababu kila mtu anayarudia akilini akitafuta mlango wa kuingilia. Majaribio ya majibu humlazimisha mjifunzaji kupekua msamiati wake wote wa vitu vya karibu: wanyama, mimea, vyombo, viungo vya mwili, mvua na nyota. Kukosea hakumtoi mtu mchezoni, kwa kuwa jibu lisilo sahihi hukataliwa na mwingine hujaribu.

Lakini palipo na uzito zaidi ni penye mji. Katika michezo mingi ya kujibu maswali, iwe ya darasani au ya redio, aliyeshindwa hunyamaza na aliyeshinda hupewa alama, na lugha huishia hapo. Katika kitendawili ushindi humpa mtu wajibu wa kusema zaidi. Aliyepewa Lindi, Kilwa au Unguja lazima asimulie safari yake, na kusimulia huko humtoa katika sentensi moja aliyoihifadhi kwa moyo na kumwingiza katika maneno yake mwenyewe, yenye nyakati za vitendo zinazofuatana: nilipofika, nikakaribishwa, nikaletewa wali, nikala, nikalala. Kiambishi *-ka-*, kinachounganisha matukio katika masimulizi ya Kiswahili, ambacho wanafunzi wa madarasa ya wageni hukipata wamekwisha kuchelewa na kwa mazoezi makavu, hapa hutumika kila baada ya fumbo lililoshinda watu. Waliopoteza nao hawakuachwa mikono mitupu, kwa kuwa wanasikiliza masimulizi kwa masikio yaliyo wazi kabisa, wakijua kwamba jibu wanalolitamani liko mwishoni mwake. Hivyo anayejua zaidi hufanya mazoezi ya kusema, na anayejua kidogo hufanya mazoezi ya kusikiliza, kila mmoja mahali panapomfaa.

Adhabu yenyewe nayo ilikuwa ya namna ya pekee. Kinachotolewa ni mji ambao mtoaji hakuwahi kuumiliki, na kwa hiyo mtoto wa maskini hulipa sawasawa na mtoto wa jumbe, wala hakuna anayerudi nyumbani amepungukiwa. Hata hivyo hasara hiyo inauma kidogo, na uchungu huo mdogo ndio unaomfanya mtu asisahau jibu. Kwa kijiji kilichokaa kando ya mto mbali na bandari, miji hiyo ilikuwa pia somo la jiografia: majina ya Mikindani, Lindi, Kilwa, Bagamoyo na Unguja yalizoeleka mdomoni mwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuyaona maghala yake, na kila jina lilibeba sifa yake, kwa kuwa mtegaji hakukubali mji asiojua cha kusimulia juu yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya miji hiyo. Kupewa mji kwa Kiswahili na kuusimulia kwa Kiswahili kulikuwa kujizoeza maisha ambayo lugha hiyo iliyaahidi, ya bandari, ya soko na ya safari.

Ndani ya mafumbo yenyewe kuna sarufi iliyofichwa. Fumbo linalosema kwamba nyumba yangu haina mlango, ambalo jibu lake ni yai, lina upatanisho wa ngeli mara mbili katika maneno manne, *yangu* na *haina*, na anayelitamka vibaya husahihishwa papo hapo, kwa sababu fumbo ni mali ya wote na halivumilii kubadilishwa. Fumbo la kuku aliyetaga katika miiba, ambalo jibu lake ni nanasi, husemwa kwa desturi "Kuku wangu katagia miibani," na hapo mjifunzaji hukutana na kiambishi *ka-* cha nafsi ya tatu kama kinavyosikika katika mazungumzo ya pwani, na kauli ya kutendea, na kiambishi cha mahali *-ni*, vyote katika maneno manne. Lile la ndege, "Ajenga ingawa hana mikono," lina kiunganishi *ingawa*, kilicho kigumu kukieleza kwa mtoto lakini rahisi kukielewa anapowaza jambo la kushangaza la kujenga bila mikono. Na katika "Popoo mbili zavuka mto," ambalo jibu lake ni macho, kuna wakati uliopo wa *-a-*, ambao mazungumzo ya leo yanauacha kidogo kidogo, na kuna popoo, tunda gumu linalotafunwa pamoja na tambuu, kitu cha pwani ya Bahari ya Hindi ambacho mkazi wa bonde la Ruvuma angepata kulijua jina lake hapo kabla hajakionja. Mafumbo ya namna hii yalihifadhi maneno ya kale na ya mbali kwa sababu swali haliwezi kutolewa bila maneno yake.

Kwa msemaji wa Chimakonde ugumu wa ngeli haukuwa katika wazo lake. Karibu lugha zote za Kibantu zinapanga majina kwa ngeli, na Chimakonde kina *chi-* pale Kiswahili chenye *ki-*, kama jina la lugha yenyewe linavyoonyesha. Kilichohitajika ni mkono wa kubadilisha viambishi bila kusita. Matamshi yalikuwa na ugumu wake, kwa kuwa Kiswahili hutofautisha *r* na *l*, na kina sauti kama *th*, *dh* na *gh* zilizokuja na maneno ya Kiarabu, ambazo wasemaji wa lugha nyingi za kusini hawakuzikuta katika lugha zao za kwanza. Kwa ugumu huu mafumbo yalisaidiwa na mchezo mwingine, vitanza ndimi, yaani sentensi zilizosukwa kwa sauti zinazokaribiana ili ulimi ujikwae, ambapo anayejikwaa huchekwa na kurudia mpaka aweze.

Ipo sababu nyingine ya kuamini kwamba kitendawili kilivuka kirahisi kutoka lugha moja kwenda nyingine, nayo ni kwamba mawazo yake ni ya wote. Nyumba isiyo na mlango, kivuli kinachomfuata mtu kila aendako, macho yanayovuka mto bila kulowa, ni picha zinazopatikana kwa maneno tofauti katika jamii nyingi za Kibantu. Mtoto aliyekwisha kulijua yai kwa sura hiyo katika lugha ya mama yake, akilisikia fumbo lilelile kwa Kiswahili, alikuwa na jibu mkononi kabla ya kuwa na maneno, na kazi iliyobaki ilikuwa kuyaunganisha maneno mapya na wazo la zamani. Walimu wa lugha wanajua thamani ya hali hiyo, kwani mjifunzaji anayefahamu maana kabla ya maneno hujifunza maneno bila woga. Inaelekea kwamba watoto waliocheza pamoja katika vijiji vya mchanganyiko walitega kwa lugha zaidi ya moja jioni hiyohiyo, kila mmoja akitoa alichorithi nyumbani, na kwamba Kiswahili kilipata nafasi yake kama lugha ambayo wote wangeweza kushindana humo bila mmoja kumtangulia mwenzake kwa haki ya kuzaliwa.

Haifai, hata hivyo, kuvichanganya vitendawili hivi vya jioni na mafumbo ya jando na unyago, ingawa vinashabihiana kwa umbo. Jando ni mafunzo ya wavulana yanayofuatana na tohara, na unyago ni mafunzo ya wasichana wanapovunja ungo. Katika yote mawili vijana hupewa mizungu, yaani mafundisho ya siri yaliyowekwa katika nyimbo, vielelezo na mafumbo. Mwanataaluma aliyeyaandika vizuri zaidi kwa upande wa kusini ni Lyndon Harries, mmisionari wa UMCA wa Masasi ambaye baadaye alikuwa msomi wa lugha na fasihi ya Kiswahili. Mwaka 1942 alichapisha makala mbili juu ya Wamakua, moja ikihusu vitendawili vyao vya kawaida na nyingine nyimbo-fumbo za jandoni, na mwaka 1944 akatoa kitabu kidogo juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Kule kutenga makala mbili kulikuwa uamuzi sahihi. Fumbo la jandoni halitaki kubuniwa jibu. Lina jibu moja lililofundishwa, na anayelijua huonyesha kwamba amepitia mafunzo, wakati asiyelijua hubaki nje. Lugha ya fumbo hilo ni ya kuwatambua wenyewe na kuwafungia mlango wengine. Kitendawili cha jioni kilifanya kinyume chake, kwa kuwa mwishoni jibu hutolewa hadharani, na aliyelikosa leo atalitega kesho kwa wengine kama lake. Ni kwa sababu hii kiliweza kuwa shule ya lugha ya wageni, na fumbo la jandoni, pamoja na heshima yake yote, halikuweza.

Mchezo wa kinyume ulikuwa kati ya kitendawili cha jioni na fumbo la jandoni. Ndani yake silabi za neno hugeuzwa, ya mwisho ikitangulia, hivyo *maji* huwa *jima*, na anayeijua kanuni huweza kuzungumza mbele za watu bila kueleweka. Steere aliona mchezo huu Unguja na akaweka mifano yake katika kitabu chake cha mwaka 1870. Hauna jibu wala alama, lakini humtaka mchezaji alikate neno katika silabi zake papo kwa papo, na kwa lugha kama Kiswahili, ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, zoezi hilo ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya kusoma.

Kitendawili kilipoanza kukusanywa vitabuni, kilipoteza sehemu ya mwili wake. Mkusanyo wa S. S. Farsi wa mwaka 1958, uliotolewa na East African Literature Bureau kutokana na misemo ya Unguja, ulivihifadhi vitendawili vingi ambavyo leo vingekuwa vimepotea, na kila anayeipenda lugha hii anamwia deni. Lakini kwa jumla, kitabu huweka fumbo upande mmoja na jibu upande mwingine, na katikati ya mafumbo na majibu hayo hapana nafasi ya mji, wala ya majaribio yaliyokosewa, wala ya safari iliyosimuliwa. Wataalamu wa fasihi simulizi walijaribu baadaye kuirudisha mandhari hiyo. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi wa mwaka 1989, alikiweka kitendawili katika fungu la semi, yaani kauli fupi zenye maana nzito, na alisisitiza kwamba utanzu huangaliwa pamoja na muktadha wake wa uwasilishaji na si maneno yake peke yake.

Baada ya mwaka 1964 ukingo wa Ruvuma ulipata wajifunzaji wapya wa Kiswahili kwa maelfu. Vita vya ukombozi vya FRELIMO, vilivyoanza mwaka huo katika Cabo Delgado, viliwavusha wakimbizi kuingia Tanzania. Wengi waliwekwa katika makazi kama Rutamba, Lindi, na FRELIMO ilikuwa na kambi yake kubwa Nachingwea na shule yake Tunduru, ambako Filipe Nyusi, Mmakonde wa Mueda aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alisoma akiwa mtoto. Chama hicho kilichagua Kireno kuwa lugha ya umoja wa taifa lake, lakini maisha ya kila siku upande wa Tanzania yalihitaji Kiswahili, na kwa watoto waliocheza na wenyeji lugha hiyo ilikuja nje ya darasa. Kwamba Kiswahili kinaeleweka leo miongoni mwa Wamakonde wengi wa Cabo Delgado kunatokana na miaka hiyo, na pia na biashara na ndoa za zamani zaidi.

Upande wa kaskazini mambo yalikwenda kwa njia ya sera. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuja pamoja na uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma zote, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria. Kitendawili kiliingizwa katika masomo ya Kiswahili na kikapewa heshima ya kuwa sehemu ya fasihi. Hata hivyo darasani kiligeuka umbo. Mwanafunzi huandika kitendawili na jibu lake, na katika mtihani hutakiwa kulikumbuka jibu au kulichagua kati ya manne, na asiyelijua hukosa alama bila kuutoa mji wowote na bila kusimuliwa safari yoyote. Fumbo lililokuwa mlango wa mazungumzo likawa kitu cha kukariri. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi halaumiwi kwa hilo, lakini hasara ilikuwa kubwa kwa watoto waliokuja shuleni na Chimakonde peke yake, kwa kuwa wao hasa ndio waliohitaji kusema zaidi na kukariri kidogo.

Elimu ya kumbukumbu imekuja kuunga mkono, kwa njia yake, kile wachezaji walichokifanya. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyopungua haraka isiporudiwa, na jinsi marudio yaliyoachanishwa kwa muda yanavyoiimarisha. Sebastian Leitner, mwaka 1972, aliieneza njia ya kuweka kadi za maswali katika visanduku, ili yale yanayojulikana yarudiwe kwa nadra na yasiyojulikana kila siku. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwa majaribio kwamba mwanafunzi anayejiuliza maswali juu ya alichosoma hukumbuka baada ya siku kadhaa zaidi ya yule aliyekisoma tena na tena. Kitendawili kilichotegwa jioni moja na kurudi wiki ijayo kwa mdomo wa mtu mwingine kinatimiza matakwa hayo yote: swali kabla ya jibu, jaribio kabla ya ufumbuzi, na marudio yanayokuja baada ya kusahau kidogo.

Programu za simu zilijengwa juu ya sayansi hiyo, na ni haki kusema kwamba zinaifuata kwa bidii kuliko darasa lolote. Zinakumbuka kosa la kila mtu, zinalirudisha kwa wakati wake, zinatoa alama na kuhesabu mfululizo wa siku ambazo mjifunzaji hakukosa. Kahoot, iliyoanzia Norway mwaka 2013, iliurudisha hata ushindani wa hadhara darasani kwa maswali yanayojibiwa na wote kwa wakati mmoja. Lakini adhabu za programu hizi ni za kuhesabika tu, na mshindi hana wajibu wa kumsimulia mtu chochote. Zaidi ya hayo, kozi ya Kiswahili ya mwaka 2017 ilitengenezwa kwa wanaojua Kiingereza. Kwa mtu wa Kitaya hilo lina maana nzito, kwani jirani yake wa ng'ambo ya mto aliyesoma kwa Kireno angepaswa kwanza kupita Kiingereza ili ajifunze lugha inayosemwa umbali wa kuvuka maji, na Mtanzania mgeni anayetaka Chimakonde hana pa kuanzia katika programu hizo.

Hali ya lugha katika kingo mbili za mto sasa imetofautiana kwa njia ambayo wazee wa karne iliyopita hawakuitarajia. Msumbiji, tangu mtaala wake wa mwaka 2003, imeruhusu lugha za nyumbani, Chimakonde na Kimwani zikiwamo, katika madarasa ya mwanzo ya baadhi ya shule pamoja na Kireno. Tanzania huanza na Kiswahili moja kwa moja. Uasi wa silaha ulioanza Cabo Delgado Oktoba 2017 ulifika Kitaya yenyewe Oktoba 2020, kijiji kiliposhambuliwa na watu kuuawa na wengine kuyakimbia makazi yao, na kuvuka mto kwenda kwa ndugu hakukuwa tena jambo jepesi. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, imeonyesha wapi kila lugha inasemwa. Vitendawili vya bonde hili, pamoja na jinsi vinavyotegwa, miji inayotolewa na safari zinazosimuliwa, vinahitaji kurekodiwa kwa namna hiyohiyo katika kingo zote mbili, kwa sauti na si kwa maandishi peke yake, kabla wale waliovicheza kwa lugha tatu hawajaondoka. Mtengenezaji wa programu atakayezichukua rekodi hizo atapaswa kuuwekea mchezo wake sehemu ambayo aliyeshinda hawezi kuendelea mpaka awe amewasimulia wenzake, kwa sauti yake mwenyewe, alichokikuta katika mji aliopewa.